Nice, Ufaransa: mji wa matajiri unaotembeleka kwa nauli ya treni

Msafiri_Mpole

Wakuu salaam.

Kwenye ule uzi wa visa watu walibishana sana kama Riviera ya Ufaransa, yaani mwambao wa kusini mashariki ambako Nice ipo, inamfaa mtu wa mshahara au ni ya wenye boti peke yao. Mimi nasoma Lyon, na Nice huwa nateremka kila nikipata upenyo, basi nimeona bora nifungue uzi wake kabisa.

Msimamo wangu nautoa mapema, anayetaka kupinga apinge. Karibu kila kilichoupa mwambao ule sifa unakiona bure au kwa nauli ya treni. Pesa inakutoka pale unapotaka kulala, kula na kuota jua walipo matajiri. Fanya Nice iwe kituo chako: asubuhi unatoka, jioni unarudi. Villefranche, Beaulieu, Monaco na Menton upande wa mashariki, Antibes na Cannes upande wa magharibi, zote ziko kwenye reli moja inayofuata bahari.

Tuanze na mji wenyewe. Nice ni mji wa tano kwa ukubwa Ufaransa, lakini Ufaransa imeupata juzi tu. Hadi 1860 ulikuwa chini ya Savoy, ukoo wa watawala wa upande wa Italia, ukahamishwa kwa mkataba na kura ya wananchi. Ndiyo maana mji mkongwe una sura ya Kiitaliano kabisa: vichochoro vyembamba, kuta za rangi ya haradali na machungwa, madirisha ya mbao yaliyopakwa kijani, nguo zinaning'inia juu ya vichwa vya wapita njia. Garibaldi, yule jenerali aliyepigania kuiunganisha Italia, alizaliwa hapo 1807, na uwanja wenye jina lake uko mlangoni mwa mji mkongwe. Mzee alipinga sana kwao kupewa Wafaransa. Leo sanamu yake imesimama katikati ya Wafaransa wanaokunywa kahawa.

Kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba utalii wa Nice ulianza kwa ajili ya baridi. Waliouleta ni Waingereza wa karne ya 18 na 19 waliokimbia majira ya baridi ya kwao, wengine wagonjwa wa kifua waliokuwa wakitafuta hewa na jua. Kiangazi kikifika, wanafunga virago! Julai na Agosti, miezi ambayo leo chumba kinatafutwa kwa tochi, zamani mji ulikuwa umelala. Mambo ya kujianika ufukweni kiangazi yalishika kasi miaka ya 1920. UNESCO ilipouingiza mji kwenye Urithi wa Dunia 2021, iliuingiza hasa kama mji wa mapumziko ya majira ya baridi.

Hata ile barabara maarufu ya ufukweni, Promenade des Anglais, imetokana na hao hao. Miaka ya 1820, baada ya baridi kali iliyowaacha watu wengi bila riziki, mchungaji wa Kiingereza aitwaye Lewis Way alichangisha fedha ili maskini wapate kibarua cha kutengeneza njia kando ya bahari. Leo ina kilomita 7 hivi, kutoka upande wa uwanja wa ndege hadi chini ya kilima cha ngome. Pembeni kuna viti vya buluu, vya mji, havina mwenyewe. Kaa hadi uchoke, hakuna mhudumu atakayekuja kukuuliza unaagiza nini.

Katikati yake utaiona hoteli ya Negresco, ile yenye kuba la waridi kwenye kila postikadi. Ilifunguliwa 1913 na Henri Negresco, mzaliwa wa Romania. Mwaka uliofuata vita kuu ikaanza, hoteli ikageuzwa hospitali ya majeruhi, na mwenyewe akafilisika. Piga picha upande wa pili wa barabara, endelea na safari yako.

Njia hiyo hiyo ndiyo iliyopitiwa na lori la yule muuaji usiku wa 14 Julai 2016, watu wametoka kutazama fataki za sikukuu ya taifa, wakafa 86. Kuna sanamu ya malaika imesimamishwa kuwakumbuka, upande wa karibu na mji mkongwe. Ukipita hapo, teremsha kamera kidogo, wapo wanaokuja na maua yao.

Sasa ufukwe, na hapa nawaambia ukweli watu wa pwani. Hakuna mchanga. Ni mawe, mawe ya mviringo ya kijivu, toka mwanzo hadi mwisho. Beba viatu vya mpira vya kuingilia majini, la sivyo utatembea unachechemea mbele za watu. Maji yanaingia kina haraka, hatua chache tu umeacha kugusa chini. Rangi ya maji ni kweli, hawajaongeza kwenye picha. Halafu kuna jambo lililonishangaza kuliko yote: bahari ile haina kupwa wala kujaa kwa kuonekana. Asubuhi maji yako hapo, mchana yako hapo, usiku yako hapo. Hakuna bamvua, hakuna mashua iliyolala ubavu kwenye tope ikisubiri maji, hakuna akina mama wanaotembea mbali kuokota pweza. Mimi niliyekulia Bagamoyo nilikuwa najikuta natazama alama ya maji ukutani kila saa.

Sehemu kubwa ya ufukwe ni ya umma. Katikati yake kuna vipande vya binafsi vyenye vitanda na miavuli, ambapo kitanda kimoja kwa siku kinazidi euro 20 na vingine vinapita mbali hapo. Maji ni yale yale.

Chakula. Msiende Nice mkaishia kwenye piza. Kuna kitu kinaitwa socca: unga wa dengu, maji, mafuta ya zeituni na chumvi, basi. Ule ule unga wa bajia. Uji wake mwepesi unamiminwa kwenye sinia pana la shaba, sinia kubwa kuliko mtu anavyoweza kulikumbatia, linasukumwa kwenye tanuru la kuni lenye moto mkali. Linatoka limeungua madoadoa juu, kingo zimekauka, katikati bado laini. Muuzaji anakwangua vipande kwa kisu bila mpangilio wowote, anavirundika kwenye sahani, anamwaga pilipili manga ya kutosha. Unakula kwa vidole ukiwa umesimama. Kwa euro chache umeshiba nusu. Kasoro yake ni moja tu, hakuna ukwaju wala chatine ya nazi, na hilo sijawasamehe.

Kuna pia pissaladière, mkate bapa wenye vitunguu vilivyopikwa taratibu hadi vikawa kama jamu, juu wanapanga zeituni nyeusi na dagaa wa chumvi. Na pan bagnat, mkate wa mviringo uliojazwa jodari, yai, nyanya na mafuta ya zeituni. Huo ukiununua asubuhi ndio chakula chako cha mchana popote treni itakapokushusha. Saladi ya Nice mnaijua, lakini msimwambie mwenyeji mmewahi kuila na viazi na maharage mabichi ya kuchemsha. Kuna watu pale wanagombana kwa ajili ya viazi.

Soko la Cours Saleya, maua na vyakula, ni kila siku isipokuwa Jumatatu. Jumatatu wanapanga vitu vya kale.

Kilima cha ngome ni cha lazima. Ngome yenyewe haipo, Louis XIV aliamuru ibomolewe 1706, zimebaki kuta chache na bustani. Urefu wake ni mita 92, kuna lifti ya bure, ila ngazi ndizo zinazokupa picha nzuri. Adhuhuri utasikia mzinga. Usilale chini, ni desturi: hadithi inasema Mskoti mmoja wa karne ya 19 alichoka kumsubiri mkewe aliyenogewa na soga mjini, akaanzisha mzinga wa kumkumbusha chakula cha mchana. Mji ukaupenda ukaubakiza.

Wapenzi wa sanaa: mchoraji Matisse alifika Nice 1917 akabaki maeneo hayo hadi kufa 1954, makumbusho yake yako Cimiez, mtaa wa juu, na kaburi lake liko karibu hapo. Makumbusho ya Chagall, mchoraji mwingine, yako njiani kupanda huko, na Jumapili ya kwanza ya mwezi ni bure. Yote mawili hufungwa Jumanne. Ukitaka moja tu, nenda Chagall. Matisse kazi zake kubwa zimetawanyika duniani, pale utakuta zaidi michoro, sanamu na vitu vya nyumbani kwake.

Monaco nitaielezea mkiuliza. Karibuni.

BintiMakorora

Asante mkuu, uzi umeshiba. Maswali yangu: visa inakuwaje, na Monaco inahitaji visa yake? Na ni mwezi gani mtu mwenye bajeti ya kubana aende?

Msafiri_Mpole

Dada yangu, visa ni ile ya Schengen ya muda mfupi. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Unaweza kuomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na usisubiri zibaki siku chini ya 15. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000. Monaco haiko Umoja wa Ulaya lakini ukitoka Nice hakuna geti wala askari wa kukagua, unashuka kwenye treni umefika. Visa yako inatosha.

Mwezi: kimbia Julai na Agosti. Kimbia pia kipindi cha tamasha la filamu la Cannes, Mei, na wiki ya mbio za magari za Monaco, maana hata Nice bei zinapanda. Septemba ni tamu, bahari bado ina joto. Lakini nikiambiwa nichague moja, Februari. Kuna Kanivali ya Nice, ambayo kwa muundo wa sasa imeanza 1873, na Menton wana tamasha la malimau wanajenga masanamu makubwa kwa machungwa na malimau. Kuogelea sahau, koti beba.

Ndege: kutoka kwetu unaunganisha Dubai, Istanbul au Paris. Ukifika Nice, tramu namba 2 inakuchukua uwanjani hadi mjini na bandarini. Teksi achana nayo.

MwanaKisauni

Ndugu yangu, kwa heshima zote. Mtu atoke Mombasa, aache Diani na mchanga mweupe kama unga, alipe visa, alipe ndege, aende kuchechemea juu ya mawe? Na hiyo bahari isiyokupwa ni bahari au bwawa? Sisi tukitaka unga wa dengu tunajua pa kuupata, na ukwaju juu.

Msafiri_Mpole

Hahaha, bosi, kwa kuogelea huna mpinzani, Diani inashinda asubuhi na jioni. Huko watu hawaendi kwa ajili ya mchanga. Wanaenda kwa ajili ya milima inayoshuka moja kwa moja baharini na miji iliyobandikwa kwenye miamba. Ukikaa kwenye ghuba ya Villefranche, maji yana kina cha kuingiza meli kubwa, na nyuma yako jabali limesimama wima. Hicho Diani haina.

Na nikuchokoze: ufukwe wa Diani unaufikia kwa urahisi gani ukiwa si mgeni wa hoteli?

MwanaKisauni

Hapo umenishika pabaya. Njia za umma zipo lakini uzitafute kati ya kuta mbili za hoteli, na beachboy akuonyeshe.

MbioNdefu

Naomba nichangie upande wa Monaco, maana watu wakiisikia wanafikiria kasino. Mimi mtu wa Iten nilikwenda Monaco kwa ajili ya uwanja mmoja tu, Stade Louis II.

Sikilizeni. 20 Julai 2018, Beatrice Chepkoech alikimbia mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwa 8:44.32, rekodi ya dunia. 14 Agosti 2020, katikati ya Korona, viwanja vimekuwa vitupu mwaka mzima, Joshua Cheptegei wa Uganda akaivunja rekodi ya mita 5,000 ya Kenenisa Bekele iliyokaa miaka 16. Muda wake 12:35.36. Halafu 21 Julai 2023 Faith Kipyegon akakimbia maili kwa 4:07.64. Zote hapo hapo! Mji wa kilomita 2 za mraba, na Afrika Mashariki imeandikwa kwenye ile tartani kuliko taifa lolote, kwa maoni yangu. Makao makuu ya shirikisho la riadha la dunia nayo yako Monaco, tangu 1993.

Uwanja wenyewe utakushangaza. Kwa nje unaweza kudhani ni jengo la ofisi. Kiwanja hakiko ardhini, kimewekwa juu ya ghorofa za maegesho ya magari, kwa sababu ardhi hawana, hata huo mtaa wa Fontvieille ni bahari iliyofukiwa. Mashindano ya riadha ya hapo, yanaitwa Herculis, huwa Julai. Nilikaa jukwaani na bendera yangu, mzee wa Kimonaco pembeni yangu akiwa anajua majina ya wakimbiaji wetu kuliko mimi.

Msafiri_Mpole

Mkuu MbioNdefu, hiyo ni bora kuliko nilichokuwa nakiandaa. Niongezee kidogo tu kuhusu Monaco kwa wengine.

Stesheni imechimbwa ndani ya mlima, ukitoka usishangae huoni bahari. Mji umejengwa kwa ngazi-ngazi juu ya mwamba, kwa hiyo wameweka lifti na ngazi za umeme za umma, bure, zinazopenya katikati ya majengo. Zitumie, magoti yatakushukuru. Mjini juu kuna ikulu ya ukoo wa Grimaldi, walioushika mwamba ule 1297. Walinzi hubadilishana zamu saa 5:55 asubuhi kila siku, na hilo ni tukio la dakika chache, usilipangie siku nzima. Grace Kelly, mwigizaji wa Marekani aliyeolewa na Rainier wa Tatu, mtawala wa Monaco, amezikwa kanisa kuu la jirani, alifariki 1982 kwa ajali ya gari.

Kasino imechorwa na Charles Garnier, ndiye huyo huyo wa jumba la opera la Paris. Raia wa Monaco hawaruhusiwi kucheza kamari humo. Hebu litafakari hilo: nyumba iliyoinua nchi kutoka kwenye umaskini, wenye nchi wamekatazwa meza zake. Wewe simama nje, tazama magari, hakuna anayekufukuza.

Njia ya Formula 1 ni barabara za kawaida, kilomita 3.337, unaitembea yote kwa miguu. Ile kona kali ya Loews ukiiona kwa macho hutaelewa gari linapitaje.

Kula? Usile Monaco. Pan bagnat yako iko kwenye begi.

MwanaLushi

Jambo yenu wandugu. Miye niko mwana wa Lubumbashi, naishi Brussels sasa. Nimesoma uzi toka mwanzo, nimeona mmetaja Cap-Ferrat mara moja tu kwenye ule uzi wa visa, na humu hata mara moja. Sasa acha miye niiseme.

Mukishuka treni Beaulieu, mutaona rasi yenye misonobari imeingia baharini. Hiyo ndiyo Cap-Ferrat. Mwanzo wa karne ya 20 mwenye ardhi mkubwa hapo alikuwa Leopold wa Pili, mfalme wa Wabelgiji. Kuanzia 1885 hadi 1908 Kongo ilikuwa mali yake, si ya Ubelgiji, yake mwenyewe, kama shamba. Utomvu wa mpira ulitolewa porini kwa nguvu, kijiji kisichotimiza kipimo wanawake wake walishikwa mateka, watu walikatwa mikono. Fedha zile zilikwenda wapi? Nyingine zilikwenda Brussels kwenye majumba na matao ambayo napita chini yake nikienda kazini. Nyingine zilikwenda hapo kwenye rasi.

Jumba la Les Cèdres alilinunua 1904. Kimada wake Blanche Delacroix, aliyempata angali msichana, aliwekewa nyumba jirani. Les Cèdres liliuzwa 2019 kwa euro milioni 200, magazeti yakasifu bustani yake ya mimea ya nchi za joto. Upande wa Villefranche, juu ya kilima, kuna La Leopolda. Jengo la sasa lilijengwa karibu 1930 na msanifu wa Marekani, lakini jina ni lake, na kiwanja kilikuwa chake.

Halafu endeleeni na treni ile ile, piteni Monaco, mutafika Roquebrune-Cap-Martin. Hapo kulikuwa na Villa del Mare. Ya nani? Ya Mobutu, rais wetu wa wakati ule. Mwisho wa 1996, vita imeshaingia kwetu mashariki, Rais yuko hapo anajiuguza baada ya matibabu Uswisi, mawaziri wanapanda ndege kumfuata baharini. Aprili 1997 waasi wakaingia Lubumbashi, Mei akakimbia Kinshasa, Septemba akafia Rabat.

Mfalme na rais, karibu miaka mia kati yao, na nyumba zao haziachani hata saa moja ya basi. Watalii wanapita chini ya kuta zile na aiskrimu. Hakuna kibao kinachosema chochote.

Mzee_Kijiwe

Duh. Nimesoma mara mbili. Kwa hiyo ile bahari tunayoisifia hapa, kuna jasho la bibi zetu kwenye simenti yake.

BintiMakorora

Kaka MwanaLushi, asante kwa kutufumbua. Hayo majumba mtu anaweza kuyaona, au ni geti tu?

MwanaLushi

Geti tu, dada. Lakini kwa njia ya pwani unazunguka rasi yote, na baadhi ya kuta unaziona. Miye nilikwenda na mama. Alisimama mbele ya geti moja, akatazama juu, akasema "kumbe ni hapa", akaomba tuendelee maana jua lilikuwa kali.

Msafiri_Mpole

Mkuu MwanaLushi, nashukuru. Nilikuwa naiweka Cap-Ferrat mwishoni kama matembezi ya mchana tu, sasa itabidi nipite tena nikiwa na macho mengine.

Kuhusu hiyo njia, kuna jambo la kisheria ambalo MwanaKisauni atalipenda. Tangu 1976 sheria ya Ufaransa inamlazimisha mwenye kiwanja cha pwani kuacha ukanda wa mita 3 watu wapite kwa miguu. Bilionea ana ukuta wake, kamera zake na mbwa wake, lakini chini ya ukuta mimi napita na ndala zangu. Mzunguko wa rasi ni kilomita 6 hivi, una mawe mawe, bahari ikichafuka usijaribu. Kutoka Beaulieu hadi Saint-Jean njia ni laini hata kwa mtoto kwenye kigari. Juu ya rasi kuna jumba la waridi la Ephrussi de Rothschild na bustani zake. Hilo lina kiingilio, na ni moja ya vitu vichache vya kulipia ambavyo sivilalamikii.

MwanaKisauni

Mita tatu! Na zinaheshimiwa?

Mzee_Kijiwe

Huku kwetu Tanzania sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini. Tembea ufukwe wa Mbezi utuhesabie mita zilizobaki.

Msafiri_Mpole

Zinaheshimiwa kwa sehemu kubwa. Kuna mahali njia inakatika inakupandisha barabarani halafu inarudi chini. Ila hata tajiri wa aina gani hakuwekei bango la "eneo binafsi" pale majini.

Ummu_Salma

Assalaam alaykum. Naishi Marseille. Kwa wanaouliza halali, Nice kuna Watunisia na Wamorokko wengi, mitaa ya karibu na stesheni kuu hukosi nyama halali. Socca haina nyama, lakini tanuru moja hupika vitu vingi, uliza. Mgahawani omba "une carafe d'eau", ni maji ya bomba, salama, na hayalipiwi. Kuna mgahawa mmoja mji mkongwe ulituletea chupa ya maji bila kuuliza na kututoza kama soda tatu.

Na mkiwa na siku ya ziada njooni Marseille, treni ni saa mbili na nusu na kitu. Hakuna kuba la waridi huku, lakini Wangazija ni maelfu kwa maelfu. Mkisimama sokoni mtasikia Kishikomori mkadhani mko Malindi ya Unguja.

Bepari_Mchovu

Msafiri, umesahau njia ya bei rahisi kuliko zote: lala Ventimiglia, Italia, mji wa kwanza baada ya mpaka. Chumba nafuu, kahawa nafuu, Ijumaa kuna soko kubwa ufukweni. Mimi nafanya kazi Genova na hufanya hivyo kila mara.

Msafiri_Mpole

Sikusahau, mkuu, nimeiacha kwa makusudi. Ukilala Italia kila asubuhi unavuka mpaka, na treni ya kuingia Ufaransa husimamishwa Menton-Garavan kwa ukaguzi. Sisi wenye rangi hii ndio huulizwa kwanza, sote tunajua. Kama visa yako ni safi hakuna shida, lakini pasipoti iwe mkononi, yenyewe halisi, si picha kwenye simu. Mtu yuko likizo, ya nini kuanza siku hivyo? Nenda Ijumaa sokoni, rudi Nice kulala.

Na wanaotaka kijiji cha Èze kilicho juu ya mwamba, angalizo: stesheni ya Èze iko chini baharini, kijiji kiko mita 400 na ushee juu yake. Njia ya kupanda kwa miguu ipo, inaitwa ya Nietzsche, itakutoa jasho zaidi ya saa nzima. Mwenye mtoto au mzee apande basi kutoka Nice.

BintiMakorora

Nimeshaandika yote kwenye daftari, Februari inshallah. Swali la mwisho mkuu: kwenye hiyo treni ya Monaco nikae upande gani nione bahari?

Msafiri_Mpole

Kulia ukienda, kushoto ukirudi. Zinapita mfululizo, ukikuta imejaa subiri inayofuata. Baada ya Villefranche weka simu tayari, maana mahandaki ni mengi na bahari inachungulia katikati yake kwa sekunde chache. Tiketi ya karatasi, uliza kama inatakiwa kugongwa kwenye mashine kabla ya kupanda. Na mkoba uwe mbele kifuani, vibaka wa njia ile wanajua vizuri kwamba wewe unatazama dirishani.